Muuguzi wa Miezi Sita

Umepita hapa. Usinikatalie. Kila Alhamisi unapowapeleka wanao pwani unapita kwenye ile barabara kuu, na upande wa kulia, baada ya kituo cha mafuta, unaziona ghorofa za manjano zimesimama mchangani. Unaziona, halafu unapandisha kioo na kumwuliza mkeo kama chai imebaki kwenye chupa. Hapo ndipo tunapoishi, mwaka wa kumi na mbili sasa. Walioupa mtaa huu jina la Mji wa Umande hawajawahi kuamka hapa hata asubuhi moja.

Leo sikuhubirii. Nimekuhubiria sana, na kila karatasi niliyokupa umefungia taamiya, zile bajia za maharage. Leo nakupa hadithi ya mapenzi, maana mapenzi najua utayasoma mpaka mwisho.

Ilikuwa asubuhi ya Machi mbele ya tanuri la mkate. Foleni zilikuwa mbili kama siku zote, wanaume kushoto, wanawake kulia, na mwokaji akigawa huku na huku kupitia kidirisha kimoja. Kwenye foleni ya wanawake alisimama msichana ambaye hakuna aliyemjua. Alivaa gauni refu la rangi ya zeituni, ushungi wa bluu uliobanwa vizuri chini ya kidevu, na raba nyeupe ambazo siku ya tatu tu ya jangwa zilikwisha kuwa za kahawia. Aliitwa Ibtihal, miaka ishirini na sita, muuguzi kutoka Damietta. Barua yake ya kazi ilisema: Zahanati ya Mji wa Umande, kwa muda, miezi sita.

Hilo "kwa muda" nalifahamu. Tangu tuhamishwe kutoka mtaa wetu wa kale kando ya Nile tumeletewa wauguzi saba, wote kwa muda, na nakumbuka jina la kila mmoja na siku aliyoondoka. Baina ya mmoja na mwingine zahanati ilifungwa, mara miezi miwili, mara mwaka mzima.

Ibtihal alipopata mikate yake kumi aliipanga juu ya ukuta mfupi ipoe, kama wafanyavyo kwao. Upepo ukaja na mzigo wake.

"Dada, huo mchanga unautia kabla ya mkate kuiva au baada?" sauti iliuliza kutoka foleni ya wanaume.

Aligeuka. Kijana mrefu, ovaroli ya bluu, spana mfuko wa nyuma, nywele zimechanwa na maji. Huyo ndiye Wagdi, fundi wetu wa pampu. Maji ya mtaa huu hupanda hadi ghorofa ya kwanza yakachoka, kwa hiyo kila nyumba ya juu ina pampu, na kila pampu ina siku yake ya kugoma.

"Nilidhani hapa mchanga ni kitoweo," Ibtihal alimjibu.

"Ni kitoweo, lakini kwa wenyeji. Mgeni anaanza kidogo kidogo." Akatoa kwapani foronya yenye maua ya waridi na kumnyooshea juu ya kamba inayotenga foleni. "Mkate unapoa humu. Mvuke unatoka, jangwa haliingii."

"Na wewe wako utaubebea nini?"

"Mimi ni wa thelathini kwenye foleni. Mpaka nifike utakuwa umenirudishia, imefuliwa na kupigwa pasi."

"Kwa nini foleni yetu inakwenda mbio kuliko yenu?"

"Kwa sababu mama yake mwokaji yuko upande wenu."

Mama Safwat, msafishaji wa zahanati, mwanamke mnene mwenye masikio ya kusikia ukuta wa tatu, alimvuta Ibtihal mkono. "Muuguzi, mwanangu, usimzoeshe. Huyo ukimkubalia foronya leo, kesho ataleta na godoro."

Wanawake wakacheka. Wagdi akainamisha kichwa, masikio yamemwiva. Ibtihal naye akaondoka na foronya.

Sasa nikwambie jambo kuhusu msichana yule: alikuwa na maswali. Waliomtangulia walihesabu siku. Huyu aliuliza. Kwa nini mnafunga milango ya roshani kwa waya wa umeme? Kwa nini bustani ya mbele ina mabomba ya kunyunyizia na nyasi za plastiki? Kwa nini mkienda Kairo mnasema mnateremka, na njia yenyewe ni tambarare? Kwa nini jengo la sita mnaliita kwa jina la uchochoro? Hilo la mwisho alimwuliza Wagdi siku alipokuja kutengeneza pampu ya zahanati.

"Kwa sababu uchochoro mzima walipewa jengo hilo," Wagdi alimwambia, kichwa chake ndani ya tangi. "Kule tuliishi mlango kwa mlango. Hapa tumepangwa juu kwa juu, lakini bado wanagombana kwa mpangilio ule ule."

"Na wewe ulikuwa mlango gani?"

"Kisha utaniuliza damu yangu ni kundi gani."

"Hiyo nitaipima, siulizi."

Pampu ile ilichukua siku nne. Mimi nimefanya kazi kiwandani miaka thelathini na moja, najua pampu. Ile ilitaka nusu saa.

Halafu zikaja simu. Alasiri, mtaa umelala kwa joto, na Mama Safwat anapiga deki polepole kupita kiasi karibu na mlango wa chumba cha sindano.

"Pampu inaendeleaje, dada muuguzi?"

"Inapumua vizuri. Inakuulizia."

"Iambie niko juu ya paa la jengo la tisa na jua limekaa kichwani mwangu."

"Vaa kofia, roho yangu, usinilete mgonjwa wa bure."

"Umesema roho yangu?"

"Nimesema vaa kofia."

"Ewe mwezi, rudia mara moja tu, nishuke ngazi vizuri. Nisipoanguka nitakuja na sahani ya koshari."

"Yenye vitunguu vingi?"

"Vitunguu juu, vitunguu chini, na kidogo mfukoni."

Ibtihal alipotoka likizo kwao alimletea mishabbik, zile tamutamu za kusokotwa za Damietta, boksi zima. Wagdi alizila akiwa amesimama, sharubati ikimtiririka hadi kwenye kiwiko, huku akimuuliza bahari ya kule inanukaje, baba yake anachonga viti vya aina gani, na kama kweli watu wa Damietta hawalali mchana. Udadisi wake ulikuwa umemwambukiza.

Huku zahanati inafanya kazi. Watoto wanachanjwa. Mama Safwat, mwenye sukari, hapandi tena magari mawili kutafuta sindano. Tulianza kusahau ile barua.

Mwezi wake wa tano hapa karatasi ikaja: kazi ya muda itakoma tarehe thelathini Agosti. Wa kumrithi hakutajwa. Ijumaa baada ya sala tulikutana kwa kinyozi, wanaume arobaini ndani ya chumba chenye viti vitatu. Wakaniambia, Ami Lutfi, wewe unayesoma sheria, tusaidie. Na mimi nilikuwa nimesoma. Nikawaambia kuna kanuni ya kuunganisha familia: mtumishi wa serikali akiolewa anaweza kuomba uhamisho wa kudumu mahali anapoishi mumewe.

"Kwa hiyo," nikasema, "mmoja wenu amwoe."

Wakaangua kicheko, na nyuso zote arobaini zikamgeukia Wagdi. Wagdi alitazama sakafu yenye nywele za watu, akatoka bila kuaga.

Mimi nilidhani nimesema neno la akili.

Kesho yake, kabla ya mgonjwa wa kwanza, Wagdi alikwenda zahanati amevaa shati jeupe lenye mikunjo ya dukani.

"Kuna pampu imeharibika?" Ibtihal alimwuliza.

"Ipo. Iko hapa." Akagusa kifua, kisha akajionea haya mwenyewe. "Sikiliza, nilikuwa na maneno mazuri, yamepotea kwenye ngazi. Nataka Ijumaa nije Damietta na dada yangu, tusome Fatiha ya uchumba na baba yako. Kama unakubali."

Ibtihal alikuwa ameshika pakiti ya pamba. Aliiweka, akaichukua tena. "Ijumaa baba huamka mapema," alisema. "Msichelewe."

Furaha hiyo iliishi saa moja na nusu. Mama Safwat aliingia na ndoo yake, akamkumbatia, akambusu mashavu yote mawili.

"Mungu awabariki. Ami Lutfi alisema neno moja tu jana kwa kinyozi, na kijana kalitimiza asubuhi. Mtaa umepona, mwanangu. Sindano yangu imepona."

"Neno gani?"

Mama Safwat, kwa moyo safi kabisa, alimsimulia lote.

Wagdi alipopiga simu adhuhuri, sauti iliyopokea ilikuwa ya muuguzi anayeita namba ya foleni.

"Nimeambiwa mlipiga kura," alisema Ibtihal.

"Kura gani?"

"Kwa kinyozi. Mlichagua nani anioe. Walikuwapo wagombea wengine, au ulipita bila kupingwa?"

"Ibtihal, wallahi mimi nilikuwa..."

"Nimeuliza maswali mengi hapa, na hili moja sikuuliza. Kwa nini kijana anasubiri miezi mitano, halafu anakuja siku moja baada ya mkutano? Usije Damietta Ijumaa."

Akakata. Wagdi alimpigia tena mara kumi na moja. Alituma ujumbe, haukusomwa. Wiki ile mtaa mzima ulitembea kwa vidole vya miguu, na mimi zaidi ya wote. Nilikwenda zahanati kupima presha nipate kumwomba radhi. Alinifunga mkono, akatazama saa ya kipimo, akaniambia, "Ami, presha yako iko juu. Punguza chumvi na mikutano." Nikashusha mkono wa shati nikatoka.

Jumatano alikuwa anapanga masanduku ya chanjo Wagdi alipoingia. Hakuvaa shati jeupe. Ovaroli, mikono na grisi, kama alivyo. Alisimama mlangoni.

"Sitakaa. Naomba usome kitu kimoja, halafu nitaondoka."

Akaweka juu ya meza kitambulisho chake. Ibtihal alikitazama bila kukigusa.

"Nyuma. Soma anwani."

Alisoma. Ilikuwa ya mtaa wetu wa kale, ule uliovunjwa miaka kumi na miwili iliyopita ijengwe hoteli.

"Hujabadilisha?"

"Walitwambia sote tubadilishe. Nilikataa. Mama yangu alifia pale, nikasema sitawafutia kwa mkono wangu. Kwa karatasi mimi siishi hapa, Ibtihal. Ukiolewa na mimi, hiyo kanuni ya Ami Lutfi itakuhamishia kwenye maegesho ya hoteli."

Ibtihal alijizuia, akashindwa, cheko likamtoka puani.

"Kwa nini hukumwambia mtu kwa kinyozi?"

"Ningesema nini? Kwamba shati nilinunua wiki mbili kabla? Kwamba dada yangu ameshaoka biskuti za kuchukua kwenu? Wangezila."

"Na kwa nini ulingoja miezi mitano?"

"Kwa sababu ukikataa ungebaki hapa hapa, na ningekuwa nakuona kila siku kwenye foleni ya mkate. Nikasema nitangoja karibu na mwisho, nikikataliwa niumie kidogo."

Ibtihal aliketi. Kwa mara ya kwanza baada ya siku nne, alimtazama usoni.

"Nikirudi Damietta?"

"Nakuja. Kuna pampu?"

"Kwetu maji yanapanda yenyewe."

"Basi baba yako anipe msasa, nipige viti."

"Utaharibu viti."

"Nitaharibu polepole, mpenzi wangu, atanizoea."

"Na nikikwambia ukabadilishe hiyo anwani, nibaki?"

Jibu lilimuuma Wagdi, na Ibtihal aliona linavyomuuma. "Nitabadilisha," alisema. "Leo, ukitaka."

"Sitaki." Alimrudishia kitambulisho, akamfungia vidole juu yake. "Sitaki kubaki kama mke wa mtu. Mimi ni muuguzi. Kama watu hawa wanahitaji muuguzi, wamwombe muuguzi. Njoo Ijumaa, na umwambie dada yako biskuti ziwe na tende."

Fatiha ilisomwa. Nimeambiwa baba yake aliamka mapema, na Wagdi alivunja kiti kimoja kwa kukikalia. Harusi ni baada ya Idi.

Alhamisi, kabla ya safari hiyo, Ibtihal alipeleka ofisi ya afya ombi la kazi ya kudumu hapa, kwa jina lake mwenyewe, bila kutaja mume. Karani alilisoma akamwambia kwamba kwenye jalada la Mji wa Umande hakuna mkazi hata mmoja aliyewahi kulalamika kukosa muuguzi. Hata mmoja. Nikakumbuka barua zangu zote kwa magazeti, hotuba zangu zote kwa kinyozi, na ya kwamba kwenye kidirisha cha malalamiko cha ofisi hiyo sikuwahi kusimama. Nilikuwa naona ni kujidhalilisha. Badala yake nilitafuta msichana ampende mtu, ili mapenzi yake yatufanyie kazi ambayo mimi na wewe tuliiacha.

Wao wawili wameshamaliza yao. Wakipewa hapa watakaa hapa, wakinyimwa watakwenda Damietta, na watapendana kokote. Atakayebaki na mlango uliofungwa ni Mama Safwat na sindano yake.

Kamati ya ofisi ya afya itakayoamua ombi lake inakaa Jumapili hii, siku mbili kabla ya tarehe thelathini. Saa tatu asubuhi nitakuwa kwenye kidirisha cha malalamiko cha ofisi ya afya, wa kwanza kwenye foleni. Wewe wa jengo la tisa, wewe wa jengo la uchochoro, na wewe wa garini pia, maana siku tairi lako likipasuka kwenye ile barabara utaletwa kwetu ukiwa unavuja damu: teremsha kioo, njoo usimame nyuma yangu, andika jina lako. Usiseme Jumapili ijayo. Jumapili ijayo atakuwa ameshaondoka.