Globu Iliyofungwa Tena kwenye Karatasi

Kila Jumamosi asubuhi Tekla alifagia ua wa nyumba yao mjini Tabora, kisha akatundika shuka jeupe ukutani. Mbele ya shuka hilo baba yake, Sylvester, aliwapigia watu picha. Alitegemea mwanga wa jua tu. Mgonjwa akishindwa kutoka nje, au arusi ikihamia ndani, Sylvester hakuwa na la kufanya ila kuomba radhi.

Mwaka ule ilikuja barua kutoka Tanga. Lugembe, baba mdogo wa Tekla, alikuwa huko kwenye mashamba ya mkonge, na huu ulikuwa mwaka wa tisa hajamwona mama yake. Aliomba picha ya mama huyo, Bibi Minza wa Kwihara, akiwa ndani ya nyumba yake, kando ya mafiga. Lakini Bibi alikuwa hainuki tena bila kushikwa na watu wawili, na nyumba yake ya tembe ilikuwa na kidirisha kimoja tu, kidogo kama kitabu cha sala.

Jumamosi moja Sylvester akaenda kwa Masolwa, fundi wa redio na kamera karibu na soko, akifuatana na Tekla. Masolwa alikuwa na taa mbili za kamera alizouziwa na mzungu wa reli aliyerudi Uingereza. Moja ilikuwa ndogo, ya kubanwa juu ya kamera. Nyingine ilikuwa na kisahani kipana cha kung'aa, nayo ilishikwa pembeni kwa mkono, ikiungana na kamera kwa waya mrefu. Sylvester alizigeuzageuza asijue achague ipi. Masolwa akamshauri asichague pale dukani. Azichukue zote mbili, akapige picha moja kwa kila taa ndani ya nyumba ya Bibi, halafu Jumatatu arudishe isiyomfaa. Akampa na globu mbili, kila moja ndani ya karatasi yake. Nyingine hakuwa nazo mpaka garimoshi lilete mzigo kutoka Dar es Salaam.

"Globu inawaka mara moja tu, mwanangu," alimwambia Tekla. "Ikishawaka, imekufa."

Tekla alielewa vizuri sana.

Jioni ile baba alipokwenda kwenye mazoezi ya kwaya, Flavia wa nyumba ya jirani alikuja kucheza. Tekla akamwonyesha ile taa kubwa. Flavia akacheka, akasema hilo ni bakuli la uji la wazungu.

"Ni taa," Tekla alisema.

"Taa bila mafuta wala utambi? Haya, iwake tuone. Kama huwezi, sema tu huwezi."

Tekla alitaka kumwonyesha namna globu inavyokaa, basi. Lakini kidole kilibonyeza kitufe cha kuijaribia, nyuma ya kisahani. Kwa kufumba na kufumbua ua wote ukawa mweupe, kuku wakaruka, na Flavia akakimbilia kwao huku akicheka. Tekla alibaki na globu ya moto, kioo chake kimejaa ukungu. Akaipuliza mpaka ikapoa, akaifunga tena kwenye karatasi. Alijiambia kwamba baba akirudi atamweleza. Baba alirudi na maandazi mawili aliyopewa kanisani. Hakuwa amekula hata moja. Yote alimletea yeye. Tekla akala, akaenda kulala.

Jumapili baada ya Misa walikwenda Kwihara kwa baiskeli. Shangazi Apolinaria alikuwa amemvika Bibi kanga mpya na kumpaka mafuta usoni. Wakamwinua, wakamkalisha kando ya mafiga. Taa ndogo ilianza, ikawaka vizuri, na Bibi akashtuka. Kisha Tekla akashika ile kubwa. Aliitia globu mwenyewe, amempa baba mgongo.

Baba akabonyeza. Giza likabaki giza. Akabonyeza tena na tena, na muda wote huo Bibi alikaa wima huku maumivu yakimtoa jasho. Baba alipouliza globu iko wapi aitazame, Tekla alisema imeanguka ikavunjika. Ilikuwa mfukoni mwake.

Walipomlaza Bibi, aliuona uso wa Tekla, akamwita. Akamtilia mkononi matobolwa, viazi vitamu vikavu alivyokuwa amemwekea.

"Usihuzunike, mjukuu wangu. Wewe umeishika vizuri. Ni taa tu hiyo."

Tekla akayatia mfukoni, pamoja na ile globu.

Picha ya taa ndogo ilipokauka, baba aliitazama kwa muda mrefu. Uso wa Bibi ulikuwa mweupe kama umemwagiwa unga, nyuma yake kivuli cheusi, na macho ameyafumba. Alisema hawezi kuipeleka Tanga. Lugembe atadhani wamepiga picha ya maiti.

Jumatatu walirudi kwa Masolwa. Mama mmoja alikuwa amesimama dukani na redio yake. Sylvester hakupaza sauti. Aliweka taa kubwa mezani, akasema mbele ya yule mama kwamba ni mbovu, kwamba mama yake mzazi ameteswa bure, na kwamba fundi hukagua kitu kabla hajampa mtu. Masolwa aliifungua, akazitazama nyaya, akaifunga.

"Niwie radhi, Sylvester," alisema. "Nilidhani nimeikagua. Mwambie mama yako nimekosa."

Yule mama akaichukua redio yake polepole, akasema ataileta siku nyingine.

Hapo Tekla hakuweza kuvumilia tena.

"Fundi hajakosa," alisema, akiingiza mkono mfukoni. "Globu niliiwasha mimi Jumamosi, nikaifunga tena kwenye karatasi. Tena haikuvunjika. Hii hapa."

Baba aliitazama ile globu, akainamisha kichwa. Akavua kofia, akamwomba Masolwa msamaha, kisha akatoka mbio kumrudisha yule mama. Tekla aliona afadhali angechapwa. Masolwa naye aliichukua ile globu, akasema, "Ungeweza kuitupa njiani. Hukuitupa." Akairudisha taa kubwa kwenye mkoba ambao Sylvester alikuwa ameuacha mezani, waijaribu tena globu zikifika.

Mzigo wa globu ulichelewa wiki tatu. Baba aliamua kwamba Tekla mwenyewe ndiye atakayemweleza Bibi, na kwamba kila Jumamosi atakwenda Kwihara kwa miguu kumtekea maji. Jumamosi ya kwanza Tekla alimweleza yote. Kila alipokaribia ile nyumba aliogopa asije akakuta watu wamejaa uani wakilia. Lakini Bibi alimngoja.

Globu zilipofika walirudi Kwihara na baba, na Tekla aliishika taa pembeni na juu, akamwomba Bibi amtazame shangazi. Picha ilitoka na Bibi mzima, macho wazi, mikunjo ya kicheko usoni, na nyuma yake vyungu vikionekana kimoja kimoja. Baba akachagua taa kubwa.

Walipompelekea picha, Bibi aliisogeza karibu na macho.

"Kuwasha globu ulikuwa utundu," alisema. "Baba yako naye utotoni alinivunjia vyungu. Lakini ulipoifunga tena kwenye karatasi, kosa lako ulimbebesha fundi, naye hakujua amebeba nini. Siku nyingine lichukue mwenyewe mapema, mjukuu wangu, lingali dogo."

"Nimesikia, Bibi."

Tekla akakaa chini kando yake, akaandika jina la Lugembe juu ya bahasha.