Chupa ya Rafu ya Chini

"Laki nne nimelipa, kaka, halafu unaniambia damu imepotea tena? Ina miguu?"

Mpimaji wa maabara hakuinua macho. "Punguza sauti, dada."

"Sipunguzi!" Fundi cherehani aligonga kaunta kwa kidole chenye sugu za sindano. Mimba ilikuwa na wiki kumi na moja. Mwanawe wa kwanza alikufa kwa ugonjwa wa damu wa kurithi, na kipimo hiki cha damu ya mama ndicho kingemwambia kama huyu wa tumboni anao. Mara tatu ametoa damu, mara tatu hana jibu. "Mimi nikimshonea mteja gauni bila mikono, halafu nimwambie alete kitambaa kingine, si ataninyonga?"

"Njoo uone mwenyewe," mpimaji alinong'ona.

Ndani ya jokofu chupa zake tatu zilisimama, vifuniko vimekazwa, ndani kavu kabisa. Mchana kweupe, lakini chumba kilinuka maziwa yaliyochacha.

"Kosa ni langu. Niliona uvivu kufungua faili jipya, nikazibandika namba ya faili la zamani."

"La nani?"

"La marehemu mwanao. Kumbe kuna kitu kilikuwa kimeikalia ile namba. Ni jini, dada. Aliitwa mtoto, akaitika yeye."

"Acha hadithi zako..."

Hakumaliza, maana kutoka rafu ya chini ya jokofu, nyuma ya maboksi ambayo hayajasogezwa tangu mwaka wa msiba, ulikuja mlio mdogo wa kunyonya, wa pupa, unaokatika kidogo kuvuta pumzi halafu unaendelea, na alipoinama akaiona na kuigusa chupa yenye jina la mwanawe, ile ya miaka minne iliyopita ambayo ilipaswa kuwa imeshatupwa, imejaa pomoni damu mbichi, na humo ndani ya baridi kioo chake kina joto la shavu la mtoto aliyetoka usingizini.

"Mama," ikasema chupa, kwa sauti nzito ya mtu mzima. "Bado chupa moja."

Mpimaji alitoka mbio. Fundi alibaki, mkono tumboni; hasira ilikuwa imeshautangulia woga.

"Mimi si mama yako. Chupa tatu umekunywa, unamjua huyu wa tumboni kuliko daktari. Anao ule ugonjwa, au hana?"

Mlio wa kunyonya ukakoma.

"Si nakuuliza wewe? Nataka majibu yangu."