Unga wa Kaka na Mbio za Chiriku

Kila asubuhi kabla ya kengele, wakimbiaji wa shule walizunguka uwanja huku wakipiga soga. Hiyo ndiyo ilikuwa amri ya mwalimu wa michezo: anayeshindwa kuongea wakati wa kupasha mwili joto anakimbia kupita pumzi zake. Kwa Chiriku amri hiyo haikuwa kazi. Hakupewa jina hilo bure, kwani mdomo wake haukujua likizo.

Lakini siku moja kabla ya fainali ya mita mia nane, Chiriku alizunguka bila kutoa neno. Mwalimu akamwita pembeni.

"Leo ulimi umeuacha nyumbani?"

Chiriku aliogopa sana. Uso, shingo na mikono vilimchoma kama mtu aliyeangukia upupu. Angeweza kudanganya, lakini aliona heri aibu kuliko balaa, akaeleza yote. Kaka yake, mnyanyua vyuma, alikuwa na kopo la beta-alanini, unga unaosemekana kuchelewesha misuli kuchoka. Chiriku alimhofia Twiga, msichana mrefu wa shule jirani aliyemshinda mwaka uliopita. Basi asubuhi hiyo alichota kijiko kilichojaa, akakoroga kwenye maji, akanywa kwa siri. Mwili ulipoanza kumchoma, alidhani ndiyo nguvu zinaingia.

Mwalimu hakumgombeza. Alimpeleka zahanati, muuguzi akampima na kumwambia apumzike, hali hiyo ingepita.

"Mwanangu, mchomo huo si nguvu," alisema muuguzi. "Hata mtu mzima huutumia wiki kadhaa ndipo aone msaada, tena kidogo. Wewe mwili wako bado unajengeka. Usinywe kitu kama hicho bila ushauri wa daktari."

Kabla ya adhuhuri mchomo ulikwisha. Kaka, kwa aibu, alilifungia kopo lake kabatini.

Kesho yake Twiga alichomoka mbele. Chiriku hakumfukuza, alishika mwendo wake aliouzoea. Kwenye kona ya mwisho Twiga alilegea, Chiriku akafungulia miguu. Uwanja ulirindima kwa vigelegele. Alikata utepe akiwa wa kwanza, akalia kwa furaha mbele ya watu wote, wala hakuona haya.

Wenzake wa darasani walimzonga wakitaka kujua siri yake. Mwalimu akawahi kujibu.

"Siri ni zile asubuhi ambazo ninyi mlikuwa mmejifunika gubigubi. Mchumia juani hulia kivulini, wanangu. Nguvu hujengwa kidogo kidogo, kwa mazoezi, chakula na usingizi. Tena ushindi wake wa kwanza aliupata jana, aliponiambia ukweli."