Fai na Moto wa Mkwaju

Asubuhi ile Mama Bunlom aliamshwa na mlio wa shoka. Alitoka barazani, akachungulia chini. Nyumba yao, kama nyingine za kijiji hicho cha Isan, kaskazini-mashariki mwa Thailand, imesimama juu ya nguzo. Chini yake, mumewe, Mzee Khamphan, alikuwa akipasua magogo ya mkwaju.

Mama akabaki amesimama, kikapu cha wali mkononi. Kila mtu kijijini anajua kuni za mkwaju ni za nini. Hazirushi cheche. Ni kuni za mzazi. Mwanamke akishajifungua, analazwa kwenye kitanda cha mianzi kando ya moto wa mkwaju. Anakunywa maji ya moto na kutoka jasho mpaka mwili urudi. Siku ya mwisho, aliyeuwasha moto ndiye anayeuzima. Anaumwagia maji, kisha anawaambia majirani, "Mwanamke wetu ametoka motoni."

Lakini nyumbani kwa Khamphan hapakuwa na mzazi. Alikuwepo Fai tu, aliyerudi juzi kutoka Bangkok.

Fai alizaliwa akaandikwa mvulana. Tangu utotoni alisema yeye ni msichana, na mama yake aliacha kubishana naye mapema. Baba hakubisha wala hakukubali. Alinyamaza, miaka nenda miaka rudi. Alimwita "wewe". Akimtaja mbele za watu alisema "yule wetu wa mwisho", basi. Fai akaenda mjini kushona nguo. Sasa alikuwa amefanyiwa upasuaji, na madaktari wamempa maumbile ya kike. Alishuka kwenye gari akitembea polepole, mguu mmoja mbali na mwingine. Baba alimpokea mizigo, akaingia ndani bila neno.

Na leo anapasua mkwaju.

"Kitanda kitakuwa tayari jioni," alisema Mzee Khamphan bila kuinua kichwa.

Mama Bunlom alijifuta machozi kwa ncha ya kanga yake. Hakuamini macho yake. Mzee huyu, ambaye hata kumwita mwanawe jina ilikuwa kazi, alikuwa anamwashia moto wa wanawake.

Fai akalazwa chumbani juu, moto ukiwaka karibu yake katika beseni la udongo. Mama alimfanyia yote aliyofanyiwa yeye na mama yake. Alitandika nailoni juu ya godoro ili lisilowe. Alimnywesha maji ya tangawizi ya moto. Alimpaka manjano yaliyopondwa na mafuta ya nazi mapajani na kinenani. Mayai alimkataza, maana wanasema yanavimbisha kovu. Samaki naye akakatazwa. Fai alikula wali na chumvi, jasho likimtiririka. Majirani walipita, wakatania kwamba kwa lugha yao Fai ni pamba, na ukilitamka neno hilo kwa sauti nyingine kidogo linakuwa moto. Fai alicheka nao.

Siku zikaenda. Mama akaanza kuona mambo. Fai alikuwa hatulii. Alijipindua huku na huku, akauma midomo. Mkono ulikuwa unapenya chini ya shuka, kisha unarudi haraka akiona ametazamwa. Mama alidhani ni joto, akamletea poda ya baridi, ile ya kopo inayopoza mwili. Fai alijipaka. Akashusha pumzi kidogo. Kabla chai haijapoa alikuwa anajikuna tena.

"Unawashwa?" mama aliuliza.

"Kidogo tu."

"Niangalie?"

"Hapana, Mama. Usijali."

Mama Bunlom alijali. Alipokuwa anafua, aliona madoa mapya kwenye vitambaa, na hofu ikamshika. Hakuogopa kidonda tu. Aliogopa jambo ambalo hakuthubutu kulisema: je, kama mwili wenyewe umekataa? Kama nyama imegoma kuwa ile ambayo mwanawe ameitaka maisha yake yote? Wapo watu kijijini wangefurahi kulisikia hilo. Na mzee kule chini, aliyeanza tu kulegea, angefunga mdomo tena.

Asubuhi moja Fai alishindwa kukaa, akashindwa kulala. Machozi yalikuwa yanamtoka. Mama hakuomba ruhusa tena. Alifunga mlango, akanawa mikono, akasema, "Mimi ndiye niliyekuzaa. Fungua."

Fai akafungua.

Mama Bunlom alipiga magoti. Alikuwa amejiandaa kuona jambo la kutisha. Alichokiona kwanza hakikuwa hicho. Mishono ilikuwa midogo kuliko ya mshonaji yeyote aliyemjua, na kando yake nyama ilikuwa imeanza kushikana, yenyewe kwa yenyewe. Binadamu walikuwa wameshona hivi, na mwili ulikuwa umekubali na kuendeleza. Alizaa watoto, alizika wazazi, lakini hakuwahi kuona kitu kama hiki. Alisahau kwa muda kwamba alikuwa amekuja kutafuta kosa.

Halafu akaliona. Kuzunguka pale pazuri, ngozi ya mapaja na kinena ilikuwa nyekundu. Ilikuwa na vipele, na mahali pengine imechubuka. Poda ilikuwa imegandamana na manjano na jasho katika mikunjo, imekuwa kama udongo.

Mama alitoka mbio kwenda kituo cha afya. Alirudi amepakiwa kwenye pikipiki nyuma ya Muuguzi Wilai, mwanamke mnene mwenye maneno mengi, ambaye kijiji kizima humwita daktari.

Muuguzi Wilai hakuanza kwa kusema. Alinawa mikono kwa sabuni, akavaa glovu, akaangalia kwa utulivu. Alimpima Fai joto la mwili. Hakuwa na homa. Alinusa kitambaa. Alibonyeza hapa na pale. Kisha akafungua kopo la poda, akalinusa nalo, akapiga chafya.

"Mama Bunlom," alisema, "pamba mmeiweka kwenye moto, halafu mnaniuliza mbona inawasha?"

Fai alicheka huku analia. Mama hakucheka.

"Daktari, niambie ukweli. Mwili umekataa?"

Muuguzi Wilai alimtazama, na uso wake ukabadilika. Alimshika mkono. "Haujakataa. Hebu tazama tena. Kidonda kinapona, tena vizuri. Kinachotoka hapa ni majimaji ya kawaida ya kupona. Hayana usaha, hayanuki. Kinacholia ni ngozi ya pembeni. Inalia kwa sababu imelowa mchana kutwa, imefunikwa nailoni, imepakwa kila kilichokuwepo jikoni. Hata ngozi yako wewe ingelia."

Kisha alichovya kipande cha pamba katika maji safi. Alimwambia Fai afumbe macho.

"Ukisikia nakugusa, sema."

Aligusa paja. "Nasikia," alisema Fai. Akagusa kando ya mshono. "Nasikia kidogo." Akagusa katikati, penye ngozi mpya. Fai alinyamaza. Akagusa tena. Fai alisubiri.

"Umeshagusa?"

"Mara mbili," alisema muuguzi. Alimgeukia mama. "Unaona? Mishipa ya hisia ilihamishwa wakati wa upasuaji. Sasa inaota upya, taratibu sana, kama mizizi. Ikifika, atasikia. Leo bado. Moto ungeweza kumbabua hapo bila yeye kujua."

Mama Bunlom alijishika kifua. Aliutazama moto wa mkwaju uliokuwa unawaka hatua chache tu kutoka pale. Lakini pia aliitazama ile ngozi iliyonyamaza, akafikiria mizizi inayotembea ndani yake gizani, bila mtu kuiamuru. Alitamani kuinamisha kichwa mbele yake, kama anavyofanya hekaluni.

Muuguzi alimuuliza Fai hospitali walimwambia nini. Fai akajibu kwa sauti ya chini. Walimwambia asafishe kwa maji na sabuni isiyo na manukato, nje tu. Akauke vizuri. Asipake kitu wasichompa wao. Asikae kwenye joto.

Mama alishtuka. "Kumbe ulijua?"

"Nilijua, Mama."

"Na ukalala motoni?"

Fai aliangalia sakafu. Kupitia mianya ya mbao alionekana baba yake akipanga kuni, moja moja, fupi kwa ndefu. "Baba amenikatia mkwaju," alisema. "Ningemwambiaje?"

Muuguzi Wilai alizitazama zile kuni kupitia mianya.

Alivua glovu zake. Kisha akatoka barazani, akaita, "Mzee Khamphan! Huo moto usizimwe. Nauhitaji. Ila utoke humu ndani, uende uani, na uweke sufuria kubwa yenye mfuniko. Maji ya mtungi tuliyo nayo si ya kuoshea kidonda. Yachemke vizuri, yapoe yakiwa yamefunikwa. Bila kuni zako mtoto huyu hatasafishwa."

Chini, gogo moja likaanguka. Halafu ikasikika sauti ya mzee ikiuliza, "Yachemke kiasi gani?"

"Yatokote sawasawa, Mzee. Usiyaonee huruma."

Kazi ikaanza. Muuguzi aliwafundisha polepole, akimwacha Fai afanye mwenyewe, mama akitazama. Kwanza mikono, kwa sabuni, kila mara. Kucha zikatwe. Maji ya uvuguvugu yamwagwe taratibu, kutoka mbele kwenda nyuma, ili uchafu wa haja kubwa usifike kwenye kidonda. Ule mpira wa maji wa chooni wenye nguvu za kung'oa rangi uachwe kwanza, au ufunguliwe kidogo sana. Sabuni laini isiyo na manukato kwa nje, isuuzwe yote. Ndani kusiingizwe sabuni wala dawa za majani. Kipanuzi, kile kifaa laini walichompa hospitali ili njia mpya isijifunge, kioshwe kwa sabuni kabla na baada ya kutumika, kisuuzwe na kukaushwa. Mafuta yake ya kulainishia yakibaki kwenye ngozi nayo huwasha, kwa hiyo yaoshwe.

"Sasa kukausha," alisema. "Hapa ndipo wengi mnapokosea."

Alichukua kitambaa safi, laini. Hakufuta. Aligusisha tu na kuinua, kama mtu anayekausha jani la mgomba asilichane. Kisha akamlaza Fai, akamwambia akae wazi kidogo, mlango umefungwa, hewa ipite. Nailoni ikatolewa, ikatandikwa shuka ya pamba. Poda ikaenda zake. Manjano yakarudi jikoni, kwenye mchuzi, ndiko kwao. Pedi iwe ya pamba, isiyo na harufu, ibadilishwe kila inapolowa. Nguo ziwe pana.

"Na mayai?" aliuliza mama kwa sauti ndogo.

"Mpe. Na samaki, na mboga, na papai, na maji mengi. Mwili unajenga nyumba, Mama. Utajengaje bila tofali?"

Kabla hajaondoka alimpigia simu muuguzi wa hospitali ya Bangkok, akamweleza alichokiona. Wakakubaliana. Akamwachia Fai malhamu ya kukinga ngozi, apake nyembamba penye vipele tu, si kwenye mshono. Kisha akawaambia jambo moja kwa uso mkavu. Wakiona homa, usaha, harufu mbaya, wekundu unaosambaa, maumivu yanayozidi au damu isiyokoma, wasingoje kukuche wala wasiulizane kwa majirani. Waje, au waende hospitali moja kwa moja.

"Na ukiwashwa," alimwambia Fai, "sema. Aibu haiponyi ngozi."

Wekundu ulipungua kidogo kidogo. Vipele vikakauka. Fai alianza kulala usiku mzima, akaanza kubishana na mama yake kuhusu chumvi ya mchuzi, na mama akajua mambo yamekuwa mazuri. Kila asubuhi Mzee Khamphan alichemsha maji uani. Aliyapandisha ngazi yakiwa yamefunikwa, akayaweka nje ya mlango. Aligonga mara moja, akashuka.

Asubuhi moja Mama Bunlom ndiye aliyemmwagia Fai maji. Alikuwa ameinua kata, akimwaga taratibu, akiwaza mambo ya sokoni. Fai alishtuka.

"Nini? Nimekuumiza?"

"Hapana." Fai alikuwa amekodoa macho. "Baridi."

"Maji ni ya uvuguvugu, mwanangu."

"Mama, yamepoa. Nasikia baridi. Hapo, hapo katikati. Mwaga tena."

Mama akamwaga tena. Fai alifumba macho. "Nasikia," alisema. "Nasikia, Mama."

Mizizi imefika, mama aliwaza. Imetembea gizani peke yake mpaka imefika. Alikaa chini kwenye sakafu iliyolowa, hakujali sketi yake. Wakalia wote wawili, kata ikiwa katikati yao.

Chini, mzee alisikia kilio, akaja mbio mpaka kwenye ngazi. "Kuna nini?"

"Hakuna kitu!" mama aliita. "Amesikia maji. Amesikia maji yako."

Mzee Khamphan alisimama pale, mkono kwenye nguzo ya ngazi. Kisha akarudi uani, akaongeza kuni motoni. Wiki chache baadaye, Muuguzi Wilai alipokuja, akakagua na kusema sasa maji ya chupa kidogo yatatosha, moto hauhitajiki tena, mzee alikwenda uani bila kuambiwa. Alichukua kata. Aliumwagia moto wa mkwaju maji, ukafuka moshi mweupe mpaka juu ya paa.

Jirani yake alikuwa anapita na bata wake. Alisimama kuangalia moshi.

"Mmezima?" aliuliza.

"Tumezima," alisema Mzee Khamphan. Alikohoa. Aliangalia barazani, ambako Fai alikuwa ameketi vizuri, miguu pamoja, akichambua mboga. "Mwanamke wetu ametoka motoni."

Jirani aliinamisha kichwa kwa heshima, akawafuata bata wake. Barazani, Fai alikuwa ameacha kuchambua mboga.