Kijistari Kimoja Kwenye Herufi C

Nilishika kalamu ya bluu...

Nikachungulia mlangoni. Hakuna mteja. Bosi kaenda kula.

Kijistari kimoja tu. Chap!

Herufi C ikawa G.

Sofia nimemmaliza!

Msinihukumu bado, jamani. Ngoja niwape mkanda mzima.

Naitwa Victoria, kwenye kwaya wananiita Vicky. Natoa kopi kwenye steshenari moja huku mtaa wa Gerezani, Dar. Jumapili mimi ni soprano, sauti ya juu ya wanawake, na miaka minane nilikuwa mwanamke pekee anayetunga nyimbo kwenye kwaya yetu. Muziki sijausomea popote. Nilijifunza kwa kuhangaika na kinanda cha Mwalimu Wilbert, kiongozi wetu.

Akaja Sofia, mtu wa Songea, muuza vitenge Kariakoo. Mpole, shikamoo haziishi, na anatunga... anatunga, nyie!

Wiki ya kwanza tu alichukua wimbo wangu mpya, akausoma kimya.

"Dada Vicky, hapa mwisho umepandisha sana."

"Kwa hiyo?"

"Soprano atapiga kelele, hataimba."

"Mbona mimi nafika?"

Akanitazama.

"Unafika, dada?"

Mwalimu akacheka! "Yuko sahihi, Vicky. Mtungie mtu mwenye koo, usiitungie karatasi."

Nilitabasamu, rohoni nawaka. Kilichoniuma zaidi ni kwamba alisema kweli. Mwaka mzima nota za juu zilikuwa zinanikimbia, nasingizia mafua.

Basi, parokia ikawa inatimiza miaka hamsini. Wimbo mmoja mpya ulitakiwa uchaguliwe, uimbwe siku ya sherehe na urekodiwe. Zikabaki mbili, wangu na wa Sofia.

Kwetu kuna utaratibu. Mtunzi haimbi wimbo wake. Anamtaja mwimbaji siku hiyohiyo, na mwimbaji anasoma nota papo hapo mbele ya paroko na kamati. Akikwama, wimbo umekufa.

Ijumaa Sofia akaja dukani na karatasi yake, kaandika kwa penseli.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba. Kopi ngapi?"

"Ishirini."

"Nani atakuimbia?"

"Siri!" Akacheka. "Ila ana sauti tamu, dada. Juu hafiki siku hizi, basi nimemwandikia palepale anapopendeza."

Nikajua ni Perpetua, shoga yake wa palepale kwaya. Wivu huo, nyie!

"Acha karatasi, Jumapili nitakuletea mwenyewe."

"Asante, dada yangu."

Dada yangu! Nilimsindikiza kwa macho mpaka akapotea.

Sasa kwa wasiojua, nota zetu ni za do, re, mi. Juu kabisa ya karatasi kuna herufi inayoonyesha do inaanzia wapi. Ukiibadili hiyo, nota zinabaki zilezile, lakini wimbo wote unahama. Sofia aliandika Doh C. Ikiwa G, soprano anapaa mpaka anatafuta pa kushikia.

Ndiyo hapo nikaongeza kale kastari. Nikatoa kopi ishirini, nyeusi tii, huwezi kujua.

Jumapili ukumbi ulijaa. Wimbo wangu akauimba binti mmoja wa kwaya ya vijana, ukaenda vizuri. Mwisho nilishaushusha kimyakimya, kama Sofia alivyosema.

Mwalimu akasimama. "Sofia, mtaje mwimbaji wako."

Nikajiweka sawa kwenye kiti nifaidi aibu ya Perpetua.

"Dada Victoria."

Eti nani?!

"Nimemsikiliza miezi sita," Sofia akasema. "Wimbo huu nimeutungia sauti yake."

Watu wakapiga makofi. Nikasukumwa mbele. Nikapewa kopi, juu imeandikwa Doh G...

Athanas, mpiga kinanda wetu, akaanza.

Ningeweza kusema, "Athanas, shusha, ni C." Lakini wangeuliza nimejuaje. Nikaimba.

Mstari wa kwanza nikajikaza. Wa pili mishipa ikanisimama shingoni. Sofia akakunja uso. Kufika kiitikio...

Sauti ikakatika. Mbele ya ukumbi mzima!

Wapo waliocheka. Mama mmoja wa kamati alijifunika mdomo kwa kitenge.

Paroko akauliza, "Nani kaandika juu namna hii?"

Sofia akatoa ile karatasi yake, niliyomrudishia pamoja na kopi. Akaitazama. Herufi ya penseli, kistari cha wino wa bluu. Akanitazama mimi.

Nikafumba macho, nikisubiri kuumbuka.

"Ni kosa langu, Baba. Nilikosea herufi. Dada Vicky msimcheke."

Wimbo wangu ukachaguliwa. Nimeshinda, nyie! Nilipongezwa mpaka mikono ikauma, macho yangu yanamtafuta Sofia.

Nje akanipa karatasi yake.

"Nilikutungia wewe, dada."

"Sofia, mimi..."

"Ungeniambia tu kwamba hunipendi."

Akaondoka. Wiki ya tatu hii hajaja mazoezini.

Jana mchana bosi alipotoka, nikauimba wimbo wake peke yangu. Kwenye C. Jamani... hakuna nota iliyonikimbia. Sauti niliyodhani imekufa ilikuwepo, ila mimi nilikuwa naitafuta juu, mwenzangu akaikuta palepale ilipo. Nililia mpaka mteja akaondoka bila kopi zake.

Leo asubuhi nimempelekea Mwalimu karatasi nikamweleza kila kitu. Wimbo wangu umeondolewa, na kwenye kwaya nimesimamishwa. Sawa tu, nimejitakia.

Na wewe unayesoma, kama kuna mtu unamchukia kwa sababu anajua unachokijua, kaa naye uongee naye kabla hujamharibia. Yule niliyemtegea mtego ndiye aliyekuwa anataka kunisimamisha mbele za watu nipendeze.

Haya naandika nikiwa Kariakoo, nimesimama ng'ambo ya duka la vitenge la Sofia. Nusu saa sasa, nashindwa kuvuka barabara.

Kanyanyua kichwa... kaniona.

Hajanikimbia. Navuka.