Mgando wa Bibi Holo

Mashine iliunguruma taratibu. Kila tone la mafuta ya samaki yenye vitamini D lililopita ndani yake lilivikwa ganda lisiloonekana kwa macho. Wenyewe waliiita kivikatone. Matone yake yalitiwa katika maziwa ya mji mzima wa Shinyanga Mpya, na ganda lilisubiri kupasukia tumboni, kwenye uchachu wa tumbo.

Haja ilikuwa kubwa. Tangu mji ufunikwe kwa dari ya kukinga joto, watu waliacha kuungua, lakini jua nalo halikuwagusa tena, na watoto wakaanza kupata matege. Limi, binti wa mhandisi Nkwimba aliyebuni mashine hiyo, alikuwa mmoja wao.

Lakini watu waliyanunua maziwa hayo mara moja wakayaacha. Roboti waonjaji walithibitisha kuwa hayana kasoro, na wakuu wakasema ni ushamba tu. Nkwimba aliudhika. Hata nyumbani kwake Limi alisukuma bakuli, naye hajui ushamba ni nini! Basi akamfuata mama yake, Bibi Holo, jikoni, akamwomba amwambie ukweli.

"Yananuka samaki, mwanangu," alisema Bibi Holo. "Sikutaka kukuvunja moyo."

Nkwimba akaonja ya chupa: safi. Akaonja ya kibuyu, yaliyogandishwa kama Wasukuma wanavyopenda kuyalia ugali: samaki mtupu. Uchachu wa mgando ulikuwa umepasua ganda kabla ya tumbo. Alijionea aibu. Mtu aliyelelewa kwa mgando alikuwa amepima kila kitu isipokuwa mgando, kwa kuwa maabarani maziwa hunywewa kwenye glasi.

Akarudi kazini, akaunda ganda linalostahimili uchachu wote, wa kibuyu na wa tumbo, na kuyeyukia mbele, kwenye utumbo mdogo. Safari hii mwonjaji alikuwa Bibi Holo. Alionja mgando, akaonja tena, kisha akamtazama binti yake kwa huruma.

"Pole, mwanangu. Umesahau kutia dawa."

Nkwimba alicheka hadi machozi yakamtoka. Limi alikuwa ameshakomba bakuli na anadai jingine.

Leo mji mzima unagandisha maziwa hayo. Vijana waliokomaa na matege hawakunyooka, na hilo linamuuma Nkwimba hadi kesho. Lakini wadogo wamenyooka, na Limi siku hizi hashikiki.