Simu Iliyofukiwa Nzima

Simu ya sebuleni kwa Hedwiga ilikuwa na tabia ya kulia ting, mara moja tu na kwa sauti ndogo, kila mara mtu alipoinua ile simu nyingine ya chumbani. Tabia hiyo haikumuudhi mtu. Kilichoudhi ni kwamba simu ya chumbani haikuwepo tena tangu mazishi ya mumewe, na ting ilikuwa bado inalia.

Wa kwanza kuikasirikia alikuwa Victor, mwanawe wa pekee. Kijana alirudi Mbinga kutoka Dar na kompyuta nyeupe iliyokwisha kugeuka njano na modemu ndogo ya kuchomeka kwenye laini ya simu, akaandika mlangoni kwa chaki: Intaneti Ipo. Watu walicheka kwanza, kisha wakaja. Modemu ilipiga namba, ikakoroma, ikapiga mluzi, ikapatana na wenzake wa mbali. Mteja alipoanza tu kusoma barua yake, ting, laini ikakatika.

"Mama, nani ameinua simu?"

"Nani ainue? Mimi niko jikoni na wewe uko hapo."

"Basi labda panya," alisema Victor kwa kejeli, akaanza kupiga upya.

Benchi la wateja likapungua hadi likabaki na paka. Victor akawa anamtazama mama yake kwa jicho la mtu anayehujumiwa ndani ya nyumba yake, na mwisho akamleta Fundi Meshack wa simu, mtu wa mdomo mwingi aliyeingia akicheka.

"Shikamoo, Mama Victor."

"Marahaba, baba. Karibu."

Meshack alizitenga kwanza nyaya za nyumba pale ukutani zinapoingilia, akasikiliza laini ya nje. Safi. Akazirudisha, na mlio kama wa mafuta ya moto ukajaa kwenye simu yake ya kupimia. "Ubovu uko kwenu," alisema. "Kuongea utaongea tu, masikio ya binadamu yanavumilia. Modemu haivumilii. Waya mrefu usio na kazi unaiua, kiungo chenye unyevu kinaiua, na mtu akiinua simu ya pili ndio kabisa, mazungumzo yanavurugika. Simu ya pili iko wapi?"

"Hatuna," alisema Hedwiga.

"Mama, kipimo changu hakina ugomvi na mtu. Ya pili ipo. Na sasa hivi imeinuliwa."

Aliisogeza simu ya kupimia sikioni, tabasamu likiwa bado usoni, na tabasamu likaondoka polepole. Alisikiliza kwa muda, kisha akanong'ona kama mtu aliye karibu na mgonjwa: "Kuna mtu anapumua." Akakusanya vyombo vyake bila kuaga. Koleo lake la kukatia nyaya alilisahau barazani, na hakurudi kulichukua.

Hedwiga hakushangaa, maana alijua. Marehemu Pankras, wanunuzi binafsi waliporuhusiwa kuingia kwenye kahawa, alikuwa miongoni mwa wa kwanza kuacha kazi ya ofisini na kujitegemea. Alitaka simu imfuate kila aendako, hivyo akavuta waya kutoka chumbani, ukapita dirishani hadi kwenye vichanja vya kuanikia, awe anageuza kahawa huku anagombana na watu wa bei. Alipofariki walimzika papo hapo, nyuma ya vichanja, katikati ya mibuni yake.

Kwa wakwe zake Hedwiga, alichokitumia marehemu humfuata kaburini, ila sharti kitobolewe kwanza. Sahani hutobolewa, sufuria hutobolewa, kikombe huvunjwa mkono, ili navyo vife na visiwe na kazi tena upande wowote. Sahani ya Pankras ilitobolewa mbele ya watu wote. Simu waliona haya kuigusa, wakamwachia mjane, naye akasema ameivunja na waya ameukata. Uongo mtupu. Aliiviringisha kwenye khanga akaifukia upande wa kichwa ikiwa nzima, waya wake ukiwa bado umeungwa na nyumba. Alimpenda yule mwanamume kupita kiasi, na kumtoboa hakuweza. Kipendacho roho hula nyama mbichi. Miezi ile ya mwanzo, nyumba ikiwa tupu, alikuwa akiinua simu ya sebuleni, anasikia pumzi upande wa pili, na moyo wake unatulia. Pumzi hizo hakuziuliza jina.

"Victor," alisema siku ile alipoondoka fundi, "ile simu usiiinue kusikiliza."

Mwambie kijana asiinue! Ting ilipolia tena, Victor aliuweka mkono wa simu sikioni, na kuanzia hapo hakuushusha.

Mambo yakaharibika mchana kweupe. Modemu ilipata vumbi. Victor aliketi na simu begani tangu ukungu wa asubuhi ungali mlangoni, akiitikia "ndiyo, baba", "nimesikia, baba", shavu likimwingia ndani, ugali ukikauka mbele yake. Katika vitundu vya simu ikawa inatoka harufu ya udongo mbichi na ya tumbaku ya kusokota, ile ile aliyokuwa akivuta Pankras. Hedwiga alipojaribu kumnyang'anya simu, mwanawe alimsukuma akaangukia meza.

"Baba anasema ulimzika akiwa mzima," alisema Victor, kwa sauti ya chini isiyo na haraka. "Anasema aligonga na ukamsikia."

"Mwongo! Alifia mikononi mwangu!"

"Anasema utakataa."

Hapo Hedwiga aliogopa kama hajawahi kuogopa. Mume alikwishampoteza, huyu aliyebaki hakuwa tayari kumtoa. Akapanda lori la kuteremka ziwani, hadi Mbamba Bay, kwa Bi Mwanabibi, muuza dagaa ambaye babu zake walitoka pwani na majini yao, na ambaye watu walimwogopa kwa ulimi kabla ya kumwogopa kwa dawa.

Bi Mwanabibi alipofika Mbinga hakukubali kiti. Aliinusa simu, akatema.

"Huyu si mumeo, Mama Victor. Mumeo amelala, masikini, wala hana habari. Umeacha mlango wazi, mpita njia ameingia. Hawa hawana sauti yao. Huazima."

"Nifanyeje, bibi?"

"Kwanza uivunje ile simu kule kaburini. Ivunje hadi isitambulike, afie humo humo. Ndipo ukate waya. Usianze na waya, umenisikia? Ukianza na waya, atatoka kwenye simu na kukimbilia huku, kwenye sikio litakalokuwa karibu."

"Huwezi kufanya wewe?"

"Mkono ulioiacha nzima ndio utakaoivunja. Maji ukiyavulia nguo, sharti uyaoge. Na atakubembeleza. Mimi nitamshika huyu mtoto."

Hedwiga alichukua jembe, na koleo la Meshack akalitia mfukoni. Ukungu ulikuwa umelala juu ya mibuni ingawa jua lilikwishapanda, na kadiri alivyolisogelea kaburi ndivyo sauti za nyumbani, kuku, redio ya jirani, watoto wa shule, zilivyozimika moja baada ya nyingine, mpaka akabaki na pumzi yake tu, na alipoanza kuchimba upande wa kichwa akatambua kwamba pumzi zilikuwa mbili na kwamba ya pili ilitoka chini ya jembe, nayo ilikuwa na haraka, kama ya mtu anayesubiri kufunguliwa, na jembe lilipogusa kitu kigumu kengele ikalia ndani ya udongo, si ting moja tena, bali mfululizo, mpaka meno yakamuuma, akalifungua kwa shida fundo la khanga alilolifunga mwenyewe.

Khanga haikuoza. Ilikuwa kavu, na ya moto. Mkono wa simu ulikuwa umelala kando, umeinuliwa.

"Heda," ikasema simu.

Duniani hakuna aliyemwita hivyo ila Pankras. Kwa wengine wote alikuwa Mama Victor.

"Heda, usinipige usoni. Kata waya tu, nikalale. Kwani nilikukosea nini?"

Aliinua jembe. Aliliinua kweli, juu kabisa, na akaliona lile agizo la Bi Mwanabibi waziwazi kichwani mwake. Kisha sauti ikalia, kama Pankras alivyolia siku ya mwisho kwa maumivu ya tumbo, na mikono ya Hedwiga ikashuka yenyewe. Akatoa koleo, akakata waya.

Kimya. Hakuna pumzi, hakuna kengele. Redio ya jirani ikarudi, na kuku. Hedwiga alilia kwa furaha, akaipiga ile simu kwa jembe hadi ikawa vipande, na haikusema neno, maana sasa ilikuwa plastiki tu.

Alimkuta Bi Mwanabibi barazani, ushungi umechanika, mkono una alama za meno.

"Umeanza na lipi?"

Hedwiga alilitazama koleo lililokuwa bado mkononi mwake.

"Kijana amenishinda nguvu, akaiwahi simu," alisema yule mama mtu mzima, na kwa mara ya kwanza sauti yake haikuwa na ukali. "Alikuwa nayo sikioni ulipokata." Akachukua kikapu chake akateremka barabarani bila kugeuka nyuma.

Ndani, Victor alikuwa ameketi mbele ya kompyuta. Modemu ilipiga namba, ikakoroma, ikapiga mluzi, ikapatana mara ya kwanza, na haikukatika. Ting haikulia tena. Alikuwa amekula ugali wote uliolala, na sufuria ameikwangua. Alikuwa anavuta tumbaku ya kusokota, yeye ambaye moshi ulikuwa ukimtoa machozi tangu utotoni.

"Victor?" aliita Hedwiga. "Mwanangu?"

Kijana aligeuka taratibu, akatabasamu.

"Njoo uone, Heda," alisema. "Laini imetulia." Akanyoosha mkono. "Na hilo koleo nipe mimi."